Jumamosi zako na fildi ya Julai: kipi kinahesabiwa?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma sosholojia mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na kozi zangu za hiari karibu zote ni za jinsia. Tangu Januari najitolea kila Jumamosi kwenye kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake. Binamu yangu anayesoma Marekani anasema kwa kazi ya namna hiyo alipewa krediti 3. Je, Jumamosi zangu zinaweza kuhesabiwa chuoni? Na Julai nikienda fildi (mafunzo kwa vitendo), nifanye nini zisiwe wiki 8 za kupiga fotokopi? (Msomaji, Mbagala)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile ambalo hutalipenda. Jumamosi zako, kwa jinsi ulivyozifanya, chuo hakitazihesabu. Fildi ya Julai itahesabiwa, ilimradi karatasi zake zitangulie. Lakini usizitupe hizo Jumamosi. Wenzako watakaoripoti Julai hawatakuwa na ulicho nacho wewe, na hapo mbele nitakuonyesha pa kuzitumia.

Binamu yako hajakudanganya. Somo la wanawake na jinsia lilianza kuwa programu ya chuo huko San Diego, California, mwaka 1970, na lilizaliwa na harakati za wanawake wenyewe. Ndiyo maana kumtoa mwanafunzi darasani akafanye kazi kwenye shirika, kisha kazi hiyo ikaingia kwenye matokeo yake, ni jambo lililozoeleka huko. Ila muulize vizuri alianzaje. Kwa kawaida mwanafunzi anajisajili kwanza, kama anavyosajili kozi nyingine yoyote. Mhadhiri anakubali kumsimamia. Wanaandika mkataba wa mafunzo unaosema atajifunza nini, kwa saa ngapi, na atapimwa kwa kitu gani. Shirika nalo linasaini. Mara nyingi krediti hizo anazilipia ada. Ukimwendea mhadhiri baada ya miezi sita ukamwambia "kazi nilishaifanya", huko pia wengi watakurudisha. Yeye alisajili kabla, wewe umetangulia kufanya. Tofauti yenu imeanzia hapo.

Tofauti ya pili ni ya kipimo, na wanafunzi wengi inawachanganya. Krediti 1 ya muhula Marekani hukadiriwa kuwa saa 45 hivi za kujifunza, kwa hiyo krediti 3 ni kama saa 135. Kwetu, kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, krediti 1 ni saa 10, na humo ndani mna darasa, kusoma peke yako, kazi za nyumbani, vyote. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ni 360. Ulaya wana mizani yao pia: krediti 60 kwa mwaka, kila moja saa 25 hadi 30. Kwa hiyo binamu yako akikuambia "tatu", yeye kapimiwa kwa debe na wewe unapimiwa kwa kisado. Saa zake 135 kwa mizani yetu zingekuwa krediti 13 na nusu. Na wewe, kama umekaa saa 6 kila Jumamosi, kufikia mwisho wa Juni utakuwa na saa zaidi ya 140. Umefanya kazi kumzidi. Najua inauma kusikia hivyo halafu ukaambiwa hazihesabiki.

Wiki 8 za fildi, siku 5 kwa wiki, saa 8 kwa siku, ni saa 320. Usikimbilie kugawanya kwa 10 ukategemea krediti 32. Idadi ya krediti za fildi imeshaandikwa kwenye muundo wa programu yako, na ndiyo itakayoingia kwenye matokeo, hata ungekaa kituoni mpaka usiku. Fungua kitabu cha mwongozo cha ndaki yenu uitafute hiyo kozi. Ina namba yake, ina krediti zake, na usipoifaulu inakusubiri kama kozi nyingine yoyote. Nimeona wanafunzi wanaosoma mpaka usiku wa manane kwa hofu ya sapu, mtihani wa marudio, ya takwimu, kisha fildi wanaichukulia kama likizo.

Sasa karatasi. Nenda kwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa idara yenu wiki hii, usisubiri mitihani iishe. Muulize kama kituo cha msaada wa kisheria kinakubalika kwa mwanafunzi wa sosholojia. Kwa maoni yangu kinakubalika bila ubishi, lakini neno lake ndilo litakalokulinda. Chukua barua ya utambulisho, ipeleke kituoni, ipokelewe na kugongwa mhuri, na uondoke na nakala yenye tarehe ya kupokelewa. Kisha subiri barua ya kukubaliwa, yenye jina la atakayekusimamia pale, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Hiyo irudishe idarani. Kuna mwanafunzi niliyemsimamia alianza kazi Jumatatu ya kwanza ya Julai kwa ahadi ya mdomo, barua ya kukubaliwa ikasainiwa wiki tatu baadaye kwa sababu mkurugenzi alikuwa safarini. Idara ilihesabu kuanzia tarehe ya barua. Binti alirudi kumalizia wiki tatu wakati wenzake wameshaanza muhula. Nilimwonea huruma, na nilisimama upande wake kwenye kikao, lakini sikuwa na karatasi ya kuwekea mezani.

Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo, angalia kama umepangiwa fungu la mafunzo kwa vitendo, na usaini kwa wakati. Mashirika mengi hayakupi hata nauli, na Mbagala ni mbali na kila mahali.

Kuhusu mahali. Unaweza kubaki hapo hapo unapojitolea, na hiyo ndiyo faida ya kwanza ya Jumamosi zako: wanakufahamu, huhitaji wiki mbili za kuonyeshwa masjala iko wapi. Ukitaka kuhama, Dar ina bahati ambayo mikoa mingine haina. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA, kipo tangu 1987. Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, WLAC, kilianza 1989. Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, wa Mabibo ulianza 1993, na hata kama huendi fildi kwao, zile semina zao za Jumatano za jinsia na maendeleo ni darasa ambalo hulilipii. Utamsikia mama wa sokoni akimhoji mtaalamu wa bajeti, kwa Kiswahili, bila woga. Kila shirika lina utaratibu wake wa kupokea wanafunzi, kwa hiyo piga simu kabla ya kupanda daladala.

Lakini nikushauri jambo ambalo wanafunzi wa jinsia hawapendi kulisikia: fikiria ofisi ya maendeleo ya jamii ya manispaa yako. Wanaikimbia kwa sababu haina jina kubwa wala mafulana yenye kaulimbiu. Ila fedha za wanawake ziko pale. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurudishwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Mwanafunzi anayekaa wiki 8 akipanga majalada ya vikundi ataona nani anapata na nani anaachwa. Ataona kikundi cha mama lishe kinachokwama kwenye katiba ya kikundi kwa sababu hakuna anayejua kuiandika. Ataona mwanamke aliyesaini mkopo ambao fedha yake kaichukua mume. Hiyo ni jinsia ndani ya jalada. Inakuhitaji ujue kuisoma.

Na hapa ndipo swali lako la fotokopi lilipo. Fotokopi utapiga. Mimi nilipiga. Hakuna shirika lenye wafanyakazi watano litakaloacha kukutuma dukani. Kinachoamua kama wiki zako 8 zina thamani ni unachokiona wakati unapiga hiyo fotokopi, na unachokiandika jioni kwenye logibuku, daftari lako la kazi za kila siku. Msimamizi wa chuo anakuja mara moja, labda mbili. Hakuoni ukifanya kazi. Anachokiona ni logibuku na ripoti, na kwa hizo ndizo anakupa alama.

Nikupe mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo madogo ili mhusika asitambulike. Nilikwenda kumtembelea mwanafunzi wangu kwenye kituo kama chako. Logibuku yake ya siku ile ilisema: "Nimepokea wateja 4. Nimepiga fotokopi. Nimehudhuria kikao cha wafanyakazi." Basi. Tukakaa kwenye benchi la koridoni nikamwambia, nisimulie huyo mteja wa kwanza, bila jina. Akasema ni mama wa makamo, alikuja na mfuko wa rambo, ndani kuna risiti za saruji na nondo zilizofifia wino, zote kwa jina la mume. Ndoa ya miaka 19 imevunjika. Mume anasema nyumba ni yake. Nikamuuliza, mama mwenyewe alisemaje? "Alisema hana ushahidi wowote, yeye alikuwa nyumbani tu."

Nikamwambia, umeisikia hiyo "tu"?

Hakuwa ameisikia. Na kwenye rasimu ya ripoti, ambayo chuo kinataka iandikwe kwa Kiingereza, alikuwa ameandika kwamba mteja alisema alikuwa nyumbani. Neno "tu" lilidondoka njiani kati ya lugha mbili. Pamoja nalo ikadondoka mada nzima. Ile silabi moja ndiyo miaka 19 ya kupika, kufua, kulea, kuuguza mama mkwe, kukaa na mafundi mume akiwa kazini, vyote vikahesabiwa sifuri, na aliyevihesabu sifuri ni yeye mwenyewe aliyevifanya. Darasani tunaziita kazi za nyumbani na malezi zisizo na malipo. Mwanafunzi wangu alikuwa ameijibu mada hiyo kwenye mtihani na kupata A. Ilipokuja na mfuko wa rambo ikaketi mbele yake, hakuitambua.

Sasa angalia ukiisikia, unafika wapi. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja, na kinataka iangalie mchango wa kila mmoja katika fedha, mali au kazi. Je, kupika ni kazi? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema ndiyo: kazi za nyumbani za mke zinaingia katika mchango huo. Wengi wanaishia hapo na kushangilia. Soma mpaka mwisho. Bi Hawa mwenyewe hakupewa kitu katika ile nyumba, kwa sababu mahakama iliona mume alikuwa ameshampa fedha za biashara naye akazitumia vibaya. Alishinda kanuni, akakosa mgawo. Hapo una swali la ripoti linalotosha kurasa 20: miaka 40 na zaidi baada ya hukumu ile, kwa nini mwanamke anakuja kituoni bado anasema "tu"?

Mwanafunzi aliirudia logibuku yake. Siku ya pili aliandika hivi, na ninainukuu kwa ruhusa yake: "Mteja mmoja kati ya wanne amejitaja kuwa hana mchango. Nimemsikia msaidizi wa kisheria akimuuliza nani alikuwa anakaa na mafundi. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akaanza kutaja." Mistari mitatu. Kuna tukio, kuna mbinu ya kazi aliyojifunza, kuna nadharia imekaa kimya chini yake. Nilimpa alama kwa moyo mweupe. Wewe andika namna hiyo kila jioni kabla hujala, kwa sababu ukiacha mpaka Ijumaa utabaki na "nimepokea wateja".

Jumamosi zako zinaingia hapa. Haziwezi kuwa krediti, lakini zinakupa swali kabla fildi haijaanza. Rudi kwenye kumbukumbu zako tangu Januari. Kitu gani umekisikia zaidi ya mara tatu? Pengine ni wanawake wanaoamini kwamba ukikaa na mwanamume miezi sita tayari ni ndoa, wakati kifungu cha 160 cha Sheria ile ile ya Ndoa kinasema miaka miwili au zaidi, na jamii iwe inawatambua kama mume na mke. Pengine ni wanaofika mahakamani kudai talaka wakarudishwa kwa kuwa hawakupitia baraza la usuluhishi la ndoa. Chagua kimoja, kiandike kwa sentensi moja, mpelekee msimamizi wako wa chuo mwezi Juni. Utakuwa umewatangulia darasa zima. Na mwombe kituo kikuandikie barua ya kuthibitisha kujitolea kwako, yenye tarehe na saa. Hiyo utaiweka kwenye wasifu wako, na wanaoajiri huisoma.

Jambo la faragha ninakuomba ulichukulie kwa uzito kuliko yote niliyosema. Wanafunzi wa uhandisi wanaandika juu ya pampu, wewe utaandika juu ya maisha ya mtu. Niliwahi kupokea ripoti nzuri sana yenye jina la mteja, mtaa wake na kazi ya mume wake. Nilimrudishia mwandishi siku ile ile aiandike upya, na nakala ya kwanza tuliiharibu pamoja. Ripoti hukaa maktaba, na Dar si kubwa kama inavyoonekana. Usiandike jina, usiandike mtaa, usipige picha jalada kwa simu yako hata kama umeambiwa "haina shida". Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, yule mama alikuja kutafuta msaada, hakuja kuwa mfano wako. Na ujue mipaka yako. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliopata mafunzo. Wewe hujawa mmoja wao. Mteja akikuuliza "nitapata nyumba?", mpeleke kwa anayejua. Tena barua ya fildi si kibali cha utafiti. Ukitaka kuwahoji wateja kwa ajili ya tasnifu ya mwaka wa tatu, utaratibu wake ni mwingine na unapitia chuo.

Utasikia mambo mazito. Mtoto aliyeumizwa, mwanamke aliyekuja na jicho limevimba. Ukirudi nyumbani ukashindwa kula, usijione dhaifu. Mwambie msimamizi wa pale, mwambie na wa chuo, na uombe siku ya kukaa masjala badala ya mapokezi. Nimewahi kumhamisha mwanafunzi katikati ya fildi na alama zake hazikupungua hata moja.

Na msimamizi wa fildi akikuambia saini ya logibuku ina bei ya mwili wako, hiyo ni rushwa ya ngono. Ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, hata kama anafanya kazi kwenye shirika linalotetea wanawake. Ondoka mahali hapo. Hifadhi ujumbe wake. TAKUKURU wanapatikana kwa 113 bila malipo, na vyuo vingi sasa vina dawati la jinsia. Kisha nenda kwa mratibu wako, fildi inahamishika. Hakuna krediti inayostahili hilo, na ukinyamaza, mwakani atapelekewa mwingine.

La mwisho ni la ripoti yenyewe. Maneno ya wateja yaache kwa Kiswahili kama yalivyotamkwa, kisha weka tafsiri chini yake. Wahadhiri wengine watakunja uso. Waeleze kisa cha "tu". Na ukishaikabidhi chuoni, andika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili uupeleke kituoni kwa mkono wako. Walikupa wiki 8 za muda wao, na sehemu kubwa ya ripoti za wanafunzi hawazioni tena. Waeleze ulichokiona ambacho wao, kwa kuzidiwa na kazi, huenda hawajapata nafasi ya kukikalia chini. Wasaidizi wa kisheria wengi ninaowafahamu ni watu wazima wanaosoma kwa miwani, kwa hiyo herufi ziwe kubwa.